Koti la Diimtu

Gari langu lilikuwa na ugonjwa wa kunitia aibu mbele za watu. Gerejini linaunguruma vizuri, barabarani linakwenda bila taabu, na kwenye mbio mzunguko wa kwanza linakimbia mpaka mimi mwenyewe naona fahari. Wa pili vivyo hivyo. Likishapata moto sawasawa, pale kwenye mnyoosho mrefu ambapo watazamaji wote wamesimama, linakohoa, linakohoa tena, halafu linazima. Nabaki nimekaa ndani na helmeti kichwani huku mbuzi wa watu wakinipita. Ukiliacha lipumzike kidogo, linawaka kana kwamba hakukuwa na lolote. Hapo ndipo nilipokuwa napandwa na wazimu, kwa sababu niliona kama linanifanyia makusudi.

Ni gari dogo jekundu la zamani, ambalo nililing'oa viti vyote nikaacha changu. Akko, yaani nyanya yangu mzaa baba, ndiye aliyelipa jina Diimtu, kama tunavyomwita ng'ombe jike mwekundu kwetu Waborana, na tangu siku hiyo hakuna aliyeliita gari tena. Mimi naitwa Tuye. Nauza vipuri hapa Isiolo mjini, na yeyote anayenifahamu atakuambia mambo mawili: kwamba mdomo wangu hauna breki, na kwamba nampenda Diimtu kuliko binadamu wengi ninaowajua. Yote mawili ni kweli, sibishani na mtu.

Mbio zetu si za kuonyeshwa kwenye televisheni. Vijana wa mjini walichonga mviringo wa vumbi kwenye uwanda kando ya barabara ya Kulamawe, wakapanga matairi mabovu kuwa ukuta, na kila baada ya miezi michache tunakutana kukimbia. Ni mizunguko kumi. Sheria ni chache lakini moja ni kali: gari lisipomaliza mbio tatu mfululizo, nambari yake inafutwa na mwenyewe anarudi kukaa na watazamaji. Waliiweka ili kuwafukuza wenye mikweche inayoziba njia. Mimi nilikuwa nimeshashindwa mara mbili, na Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa ya tatu.

Kukaa na watazamaji! Nilikaa pale miaka mingi nikila karanga na kuwaonea wivu wanaume. Kwenye mstari wa kuanzia nilikuwa mwanamke peke yangu. Mamo, kijana wetu mwenye kipaza sauti, alikuwa ameshazoea kunitania: "Diimtu amelala tena, jamani, mleteeni mto!" Watu walicheka na mimi nikacheka nao, maana ningefanya nini? Lakini nilipofika nyumbani mara ya pili ile nililia, na sioni haya kusema.

Fundi wangu ni Ewesit, Mturkana mrefu mpole niliyesoma naye shule ya msingi, mwenye gereji ya mabati huko Bulla Pesa. Hana haraka, na jambo hilo linaniudhi sana. Jumatatu ya wiki ile alimzunguka Diimtu mara kadhaa, akajifuta mikono na kitambaa, akasema, "Injini iko sawa, Tuye. Hii gari inanyimwa mafuta."

"Nani anamnyima?"

"Ndio tutafute."

Tukatafuta. Alibadilisha filta ya mafuta. Tukaenda uwandani kujaribu, Diimtu akazima palepale. Akabadilisha pampu, tena mpya niliyoitoa kwenye rafu ya duka langu nikiwa nimemwahidi mteja mwingine. Diimtu akazima. Akaona mpira mmoja wa mafuta umepita karibu na egzosi, akauhamisha upande wa pili, na egzosi yenyewe akaiviringisha kitambaa kisichoshika moto. Safari hii nilikuwa na hakika, hata nikaanza kuimba ndani ya helmeti. Diimtu akakohoa, akazima, na kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko kelele yoyote.

Nilitoka nikapiga tairi teke, nikaumiza kidole cha mguu. Ewesit hakunijali. Alikuwa amelala chini kifudifudi, sikio karibu na tangi.

"Sikia," akasema. "Pampu inalia."

Kweli, ilikuwa inalia kasauti kembamba, kama kinda. Akainuka, akafungua kifuniko cha tangi taratibu. Fyuuu! Pumzi ya petroli ilitupiga usoni tukarudi nyuma wote wawili.

"Mafuta imechemka huko ndani. Pampu inavuta mvuke badala ya mafuta, na mvuke haiwezi kuendesha gari."

"Ichemke na nini, Ewesit? Si umeshahamisha mpira? Si umeshafunga egzosi?"

"Umeweka mafuta ngapi?"

Nilisema robo tangi. Huwa naweka robo ili gari liwe jepesi, na nilijiona mjanja sana kwa hilo. Ewesit akacheka, akachuchumaa, akanichorea kwenye vumbi. Injini hainywi mafuta yote inayoletewa, alisema. Inayobaki inazunguka pale kwenye moto, halafu inarudishwa tangini kwa mpira mwingine. Inarudi ikiwa moto, inachanganyika na iliyobaki, inapelekwa tena, inarudi moto zaidi. "Sasa wewe umeweka kidogo. Kidogo inapata moto haraka. Hata uji iko hivyo."

Tukajaza tangi mpaka juu. Diimtu alifika mzunguko wa saba kabla ya kuzima, na Ewesit akarusha mikono kama aliyeshinda.

"Mbio ni kumi," nikamwambia.

"Najua." Akatazama chini ya gari kwa muda mrefu. "Joto inaingia, hiyo nimeelewa. Lakini kwa nini haitoki? Upepo yote hii ya Isiolo inapita hapa chini. Ingepoza tangi."

Sasa niseme habari ya koti, maana mtu mgeni angeliona siku ya kwanza, lakini sisi tulikuwa tumeshalizoea mpaka hatukuliona tena. Kabla ya mbio zangu za kwanza kabisa, Akko alinitengenezea ngozi ya ngamia ya kufunika tangi la Diimtu. Aliilainisha kwa mafuta, akaishona kwa mkono mwezi mzima pamoja na macho yake yalivyofifia, akaikaza mpaka ikalikumbatia tangi bila nafasi ya kuingiza kidole. Pembeni akapanga simbi, zile za kupambia vibuyu vya maziwa, mahali ambapo hapaonekani ila na mbuzi. Tuliliita koti. Mimi na Ewesit tulielewa kwamba ni la kukinga mawe, na kweli hakuna jiwe lililowahi kugusa tangi lile. Diimtu alipozima kwenye mbio za kwanza, Akko aliliomba koti, akalirudisha likiwa na ngozi ya pili juu ya ile ya kwanza. Nikadhani ya kwanza ilikuwa imechakaa. Mbio za pili Diimtu alizima mapema zaidi, na hata hapo hatukushtuka.

Alhamisi, karibu adhuhuri, Akko alifika gereji na fimbo yake na kidumu cha chai.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, Akko."

Akamgeukia Ewesit. "Ejok, gurba?"

"Nagaa, Akko," Ewesit akajibu. Huwa wanafanya hivyo kila wanapokutana, yeye anamsalimu kwa Kiturkana, ila hilo gurba, yaani kijana, ni la kwetu, na Ewesit anajibu kwa Kiborana, halafu kila mmoja anamcheka mwenzake kwa matamshi. Baada ya hapo wanazungumza Kiswahili, na Kiswahili cha Akko ni cha barabarani, alikipata zamani akisafiri juu ya malori.

Alimmiminia Ewesit chai kwenye kikombe cha bati. Ewesit, mtu wa watu, alikuwa amechoka, akapiga funda kubwa. Akaruka. Akatema. Akazunguka gereji akiupepea ulimi wake kwa kiganja.

"Akko! Hii chai imetoka jikoni saa hii?"

"Saa hii wapi? Nimepika alfajiri, nikiswali tu. Nimepitia kwa Hibo, tumeongea mpaka tumechoka, nimepita soko ya mbuzi, ndio nimefika hapa."

"Na iko moto hivi?"

Akko akakipigapiga kidumu chake kwa mapenzi. Kilikuwa kimevalishwa ngozi, kimeshonwa vizuri, na simbi pembeni. "Ni ngozi," akasema. "Ile ile ya Diimtu, kipande ilibaki. Hii ngozi haiachi moto iende."

Ewesit aliacha kuupepea ulimi. Akanitazama. Mimi nikamtazama Diimtu, upande wa nyuma, kule chini. Akko akauliza kama chai imekosa sukari.

Alipoondoka tu, tulikuwa chini ya gari wote wawili, tukigongana vichwa. Ewesit alizikata kamba za koti, likaanguka kwenye vumbi, na tangi lilipobaki uchi aliweka kiganja chake hapo akacheka peke yake. Halafu akafunga karejeta kadogo alikokatoa kwenye gari bovu, akakaunganisha kwenye ule mpira wa kurudisha mafuta ili yapoe kabla ya kuingia tangini. Tukajaza petroli, tukaenda uwandani. Mzunguko wa saba ukapita. Wa kumi ukapita. Niliendelea tu, nikapiga vigelegele ndani ya helmeti mpaka masikio yangu yakauma, na Ewesit alikuwa anakimbia kando ya njia miguu juu kama ndama aliyefunguliwa.

Niliposimama ndipo nilipoliona koti, limekunjwa kwenye kiti cha nyuma cha pikapu yake, simbi zikinitazama.

"Nani atamwambia?" nikauliza.

"Wewe ndio mjukuu."

"Wewe ndio fundi."

"Mimi ni mgeni kwa familia."

"Mgeni! Umekula kwetu tangu darasa la tatu!"

Mwezi mzima wa kushona. Na macho yale. Mimi ambaye nimewahi kumwambia mkwe wangu mtarajiwa mbele ya wazee kwamba gari lake ni bovu kuliko mwanawe, nilishindwa kufikiria namna ya kumwambia Akko kwamba koti lake ndilo lililokuwa likinifedhehesha muda wote ule. Nilimpenda mno. Basi tukaamua jambo la kitoto: tulilifunga koti nyuma, chini ya bampa, lining'inie kama pazia. Lisiguse tangi kabisa, lakini ukitazama kwa mbali uone simbi.

Jumamosi uwanda ulijaa. Mvua ya wiki iliyopita ilikuwa imelaza vumbi kidogo na kuna waliokuja kutoka Kinna kuangalia tu. Mamo alikuwa kwenye meza yake na kipaza sauti, na ubavuni mwake, nakuapia, alikuwa ameweka mto. Mto wa kweli, wenye foronya ya maua. "Tumejiandaa safari hii!" akatangaza. Nilimwonyesha ngumi, naye akanipungia mkono.

Halafu nikamwona Akko anakuja moja kwa moja kwa Diimtu, na fimbo yake.

"Nataka kuombea koti," akasema.

"Akko, kaa kwanza, upate kivuli..."

Alikuwa ameshainama. Magoti yake yalilia, akayapuuza, akainua ncha ya pazia letu kwa fimbo na kuchungulia. Alichungulia muda mrefu.

"Intala, msichana wangu," akasema bila kuinuka, "hii kwa nini inaning'inia kama nguo imeanikwa?"

Mdomo wangu usio na breki ulishika breki zote kwa pamoja. Nilimtafuta Ewesit kwa macho, alikuwa anakaza nati ambayo ilikuwa imekazwa tangu juzi. Nikavuta pumzi.

"Akko, koti lako ndilo lilikuwa linamzimisha Diimtu. Linashika joto. Mafuta yanachemka ndani na hayana pa kupoa. Tulitaka kukuambia tukaogopa. Nisamehe."

Akainuka taratibu, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine kwenye gari. Uso wake ulikuwa umefunga na mimi nikaanza kuhisi machozi.

"Inashika joto?"

"Sana, Akko."

"Mpaka mafuta inachemka?"

"Inachemka kabisa," akasema Ewesit kutoka nyuma, kwa sauti ndogo.

Uso wa Akko ukafunguka wote. "Alhamdulillahi! Basi nilishona vizuri!"

Ewesit akaiangusha spana yake.

"Kwani nyinyi mlidhani hii ni ya nini?"

"Ya mawe," nikasema.

"Mawe! Nani alisema mawe? Mimi nilisema mawe?" Akapiga fimbo chini. "Babu yako Ibrae alikuwa utingo wa lori ya ng'ombe. Asubuhi ya Marsabit, ukungu, baridi inakata masikio, na lori imelala. Haiamki. Wanaume wanachanja kuni, wanawasha moto chini ya tangi, na mimi niko juu na baba yako mgongoni, nasema ya Rabi leo tunaungua wote. Hiyo baridi ya tangi nimeiogopa maisha yangu yote. Nikasema gari ya mjukuu yangu haitalala na baridi. Halafu naambiwa imezimika! Nikasema kumbe ngozi moja haitoshi, nikaongeza ya pili."

Ewesit aliketi chini. Hakujikwaa, aliketi tu, akafunika uso kwa mikono yenye grisi, mabega yakitikisika.

"Akko," nikasema, huku nikicheka na kulia pamoja, "ile ilikuwa dizeli, tena Marsabit. Hii ni petroli, na hii ni Isiolo."

"Sasa mimi nitajuaje? Si mngeniambia! Na wewe gurba, siku zote hizo unaangalia ngozi ya ngamia kwa tangi na huulizi?"

"Niliogopa, Akko."

"Uliogopa mimi?"

"Sana."

Hapo Akko akacheka mpaka ikabidi ashikilie bodi ya Diimtu asianguke, na kicheko chake kikawavuta watu, na watu wakavuta watu wengine, mpaka Mamo akauliza kwa kipaza sauti kuna nini kule nyuma. Akko alifungua kamba za koti kwa mikono yake mwenyewe, akalikung'uta, akalitandika kando ya njia, akaketi juu yake kama mwenye uwanja.

Tukaanza. Nilikuwa wa mwisho kwa muda, kisha nikapita gari moja kwenye kona ya matairi. Sikuwa nawaza kushinda, nilikuwa nasikiliza. Kila nilipofika kwenye ule mnyoosho nilibana pumzi, nikangoja kikohozi, na kila mara Diimtu alipita akiunguruma, na jicho langu lilikuwa linakamata shali ya manjano ya Akko chini pale. Mzunguko wa nne, Mamo aliinua mto juu kuuonyesha. Wa tano akaushusha. Wa saba nilimwona Ewesit amesimama juu ya boneti ya pikapu. Wa nane nikapita gari la Shuriye, ambalo lilikuwa halijawahi kupitwa na mimi hata kwenye barabara ya lami.

Mzunguko wa mwisho, kwenye kona ya mwisho, kikohozi kikaja. Moyo wangu ulianguka mpaka kwenye pedali. Nikangoja cha pili, na cha pili kikaja, na injini bado ilikuwa inavuta kwa nguvu zake zote. Ndipo nilipoelewa kwamba ni mimi niliyekuwa nakohoa, vumbi lilikuwa limenijaa kooni.

Nilivuka mstari wa tano kati ya magari saba. Wa tano! Mngedhani nimekuwa wa kwanza duniani. Mamo alipiga kelele mpaka sauti ikamkatika, akautupa ule mto hewani ukapasuka foronya, na manyoya yakawaangukia wazee waliokuwa wamekaa kwa heshima zao. Hakuna aliyekasirika. Nambari yangu haifutwi, nilikuwa nasema, nambari yangu haifutwi, na nilikuwa namwambia usukani kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine ndani.

Nilipotoka, nguo zangu zilikuwa zimelowa jasho ungedhani nimetoka mtoni. Watu walikuwa wananikimbilia, lakini walisimama wakampisha Akko. Alikuja akiliburura koti kwenye vumbi, amechoka, amefurahi, shali imemwangukia shingoni. Hakusema hongera. Aliliinua koti kwa taabu, Ewesit akamsaidia upande mmoja, akanivalisha mabegani.

"Mafuta imekataa," akasema. "Wewe nawe utakataa?"

Lilikuwa jua la saa nane mchana. Ngozi zilikuwa mbili, nzito, na zilinuka petroli, na simbi zilikuwa zinanigonga mbavuni kila nilipocheka. Nililifunga vizuri kifuani, nikamshika Akko mkono, na sikulivua mpaka tulipofika nyumbani.